Domeni ya chama cha ushirika: .com, .co.ug au .ug, na iandikwe kwa jina la nani?

elgon_arabika

Habari zenu wakubwa. Chama chetu cha ushirika wa wakulima wa kahawa, upande wa Mbale, kimekubaliana kiwe na tovuti na barua pepe za jina lake. Wanunuzi wa nje hawaiamini sana anwani ya Gmail inapofika kwenye mambo ya mkataba. Kijana anayetutengenezea tovuti ametupa bei moja ya kila kitu: domeni, tovuti na barua pepe. Anasema tusihangaike, atasajili kwenye akaunti yake kisha atatupa nenosiri la tovuti.

Naomba msaada kwa haya. Tuchukue mkia upi kati ya .com, .co.ug na .ug? Kuna ubaya gani domeni ikikaa kwenye akaunti yake? Jina la chama lina maneno manne, tulifupishe au tuliweke lote? Na tukishalipa, ni kazi gani inabaki mpaka barua pepe ziingie?

fundi_seva

Naanza na la pili. Mkia ukikukataa utasajili mwingine kesho, lakini jina likishakuwa mikononi mwa mtu mwingine, kulirudisha ni shughuli.

Domeni hainunuliwi ikawa yako milele, inalipiwa kwa miaka. Kwa .com unaruhusiwa kulipa mwaka 1 hadi miaka 10 kwa mpigo. Kanuni za mikia ya dunia nzima kama .com na .org zinatoka ICANN, shirika lililoundwa Marekani mwaka 1998. Kila mkia una rejista moja inayotunza daftari lenyewe: ya .com ni Verisign, ya .ug ni Uganda Online Ltd. Verisign haimuuzii mwananchi, inawauzia wasajili. Wasajili nao wana mawakala, na mawakala wana wateja. Huyo kijana wenu huenda ni wakala, au ni mteja wa kawaida tu wa msajili fulani, na ninyi mtakuwa nyuma yake bila msajili kujua kama mpo.

Ndani ya daftari kuna sehemu ya mwenye jina. Anayeandikwa hapo ndiye anayetambuliwa, hata kama hela ilitoka mfuko wa chama. Ila mwenye nguvu ya vitendo ni yule anayeshika barua pepe ya akaunti, kwa sababu kila kiungo cha kubadili nenosiri na kila ombi la kuhamisha jina linapitia hapo. Kijana akihama, akiugua, au mkakosana naye juu ya bei, tovuti mtaijenga upya kwa wiki mbili. Anwani iliyokwisha chapishwa kwenye magunia na kwenye mikataba hamtaipata.

Kwa hiyo fungueni akaunti ya chama kwa msajili. Kwenye nafasi ya shirika andikeni jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuandikishwa, herufi kwa herufi, kwa sababu siku ya ugomvi mtaombwa kuonyesha cheti hicho. Barua pepe ya akaunti iwe ya ofisi, isiwe ya mtu binafsi, na ISIWE kwenye domeni hiyohiyo. Hili wengi huliona dogo. Domeni ikiisha muda, barua pepe zake zote hufa pamoja nayo, na kiungo cha kuingia kwenye akaunti kitatumwa kwenye sanduku lililokufa. Kwa kazi hii moja Gmail ya ofisi inafaa kabisa. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, na ile orodha ya namba za dharura ichapishwe na kufungiwa kabatini pamoja na cheti. Watu wawili wajue namna ya kuingia, katibu na mweka hazina.

Mkichukua .com, siku ileile msajili atatuma ujumbe wa kuthibitisha barua pepe. Usipobofya ndani ya siku 15, jina husimamishwa na tovuti haifunguki, ingawa mmelipa. Ukiona hali ya jina imeandikwa clientHold wiki mbili baada ya kusajili, angalia hilo kabla ya kumlaumu mwenye seva.

Kijana apewe kazi ya kuelekeza jina kwenye seva yake. Kwa hilo hahitaji nenosiri la akaunti: atawatajia seva za majina mbili (kompyuta zinazojibu jina linaelekea wapi), ninyi mtaziandika. Na kwenye ankara yake bei ya domeni isimame peke yake.

dada_wa_majina

Nakubaliana na fundi_seva neno kwa neno. Mimi nije kwenye mikia na jina.

Chini ya .ug kuna milango mingi, na kila mmoja una wenyewe. .co.ug ni ya biashara, .or.ug ya mashirika yasiyo ya faida, .ac.ug ya vyuo (mak.ac.ug ni Makerere), .sc.ug ya shule, .ne.ug ya mitandao. .go.ug ni ya serikali na NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, ndiyo inayoisimamia, huwezi kuichukua dukani. Halafu ipo .com.ug, ipo .org.ug, na unaweza kusajili moja kwa moja chini ya .ug. Chama cha ushirika kinachouza kahawa kinafanya biashara, hivyo .co.ug inawafaa. Mtu wa Uganda ameizoea kuiona kwenye newvision.co.ug na monitor.co.ug, na hataandika kitu kingine kwa mazoea.

Msiisahau .coop. Mkia huu hutolewa kwa vyama vya ushirika tu, na huulizwa uthibitisho kwamba kweli ni chama. Mnunuzi wa Ulaya anayetafuta kahawa ya ushirika anaelewa maana yake mara moja. Bei yake iko juu ya .com, lakini ni mkia ambao dalali hawezi kuupata kihalali, na kwa wauza kahawa hilo si jambo dogo.

Ushauri wangu: chukueni .co.ug na .com zote mbili, moja iwe kuu, nyingine imwelekeze mgeni kwenye ile kuu. Barua pepe zitoke kwenye moja tu. Mkiwa na wanunuzi wengi wa nje, kuu iwe .com. Hela ikiruhusu ongezeni .coop mwaka wa pili.

Kuhusu bei ya .com: Septemba 2024 Verisign iliipandisha kwa wasajili hadi dola 10.26 kwa mwaka. Ukiona tangazo la .com kwa dola 1, hiyo ni bei ya mwaka wa kwanza tu. Msome bei ya kuhuisha, yaani ya kulipia tena kila mwaka, huandikwa kwa herufi ndogo chini, na linganisheni wasajili kwa bei hiyo. Wasajili wa hapa kwetu wanaopokea MTN MoMo au Airtel Money wanaweza kuwa ghali kidogo, lakini malipo hayatakwama kwa sababu kadi ya mtu imeisha muda.

Sasa jina. Kwa kanuni za mtandao, kipande kimoja kati ya nukta na nukta hakizidi herufi 63, na jina zima halizidi 253. Herufi zinazokubalika ni a hadi z, tarakimu na kistari, na kistari hakianzi wala hakimalizi. Herufi kubwa na ndogo ni sawa. Kwa hiyo maneno yenu manne yataingia, ila hayatapita kwenye simu. Jaribio ni hili: mpigie mtu asiyejua chama chenu, mtajie jina mara moja tu, aandike. Akikosea, badilini jina.

Na kwetu Uganda kuna mitego yake. Msemaji wa Luganda anaweza kusikia L mahali penye R na kuandika kinyume. Irabu mbili nazo zinasumbua: mlima wenu wa Elgon, kwa jina la kwenu, wengine wanauandika Masaba, wengine Masaaba. Mkiamua kutumia neno la namna hiyo, sajilini maandishi yote mawili. Kistari kwenye simu watu hawakisemi, kwa hiyo msikitumie.

Kabla ya kulipa tafuteni jina hilo URSB, ofisi ya serikali ya kuandikisha biashara, kwenye majina ya biashara na kwenye alama za biashara. Domeni kuwa wazi hakuna maana ya kwamba jina halina mwenyewe. Mwenye alama anaweza kuwashtaki chini ya utaratibu wa ICANN uliopo tangu 1999, unaohusu .com, .org na hata .africa. Anatakiwa kuonyesha mambo matatu pamoja: jina lenu linafanana na alama yake hadi kuchanganya, ninyi hamna haki nalo, na mlilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. WIPO, shirika la hakimiliki la Umoja wa Mataifa kule Geneva, husikiliza kesi hizo na hutoza mlalamikaji dola 1,500 kwa jaji mmoja na majina yasiyozidi matano. Chama chenye cheti cha jina lake hakina cha kuogopa hapo. Ila jueni pia kwamba mtu akiwavamia jina, mlango huo upo kwa ajili yenu.

elgon_arabika

Asanteni sana, dada na fundi. Akaunti ya chama tutaifungua wenyewe. Sasa sehemu ya kazi yenyewe: kijana anasema tukibadilisha kitu lazima tungoje saa 48, na anataka seva za majina ziwe zake. Hiyo ni sawa? Na barua pepe zitakuwa kwa kampuni nyingine, si kwake.

nyuzi_jinja

Hapo penye barua kwa kampuni nyingine ndipo panapoharibika mara nyingi, soma polepole ndugu.

Kifurushi cha kijana kina vitu vitatu tofauti: jina, seva ya tovuti, seva ya barua. Vinaweza kuwa kwa kampuni tatu na vikafanya kazi bila tatizo. Kinachoviunganisha ni rekodi za DNS (mfumo unaogeuza jina kuwa anwani ya seva), na rekodi hizo zinakaa kwenye seva za majina. Ukimpa seva za majina mtu wa tovuti, umempa na barua pepe pia, hata kama hakuomba. Akihamisha kila kitu kwenye seva mpya na kusahau rekodi ya MX, inayoelekeza barua, tovuti itapendeza na barua zitakoma. Mtumaji atapata kosa baada ya siku kadhaa, na ninyi hamtaona chochote. Kwa hiyo mimi ningeacha seva za majina kwa msajili, na kijana atoe namba ya IP tu, yaani anwani ya tarakimu ya seva yake.

Daftari dogo linalotosha chama kama chenu liko hivi (namba hizi ni za mfano tu, msizinakili):

@ A 192.0.2.10
www CNAME mfano.co.ug.
@ MX 10 mail.kampuniyabarua.example.
@ TXT "v=spf1 include:spf.kampuniyabarua.example ~all"
_dmarc TXT "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@mfano.co.ug"

Alama @ ni jina lenyewe tupu. A inalipeleka kwenye seva ya tovuti. CNAME inasema www ni jina jingine la hilohilo. MX inasema barua ziende wapi, na ile 10 ni kipaumbele, namba ndogo hujaribiwa kwanza. TXT ni maandishi: ya kwanza, SPF, inataja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu; ya pili, DMARC, inamwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyopita ukaguzi na ripoti azitume wapi. Zaidi ya hizo kuna DKIM, ambayo ni ufunguo mrefu wa kuhakiki sahihi ya barua, mtakaopewa na kampuni ya barua.

Makosa ninayoyaona kila mara ni machache, yaleyale. La kwanza: mtu anaandika jina zima kwenye sanduku la jina. Paneli nyingi (kurasa za kuhariri rekodi) huongeza domeni zenyewe, kwa hiyo ukiandika mail.mfano.co.ug unapata mail.mfano.co.ug.mfano.co.ug. Andika mail tu. La pili: kuweka CNAME kwenye @. Haikubaliki, kwa sababu CNAME haiwezi kukaa pamoja na rekodi nyingine za jina hilohilo, na @ lazima iwe na NS na SOA (rekodi zinazotaja seva za majina na maelezo ya msingi ya jina). Paneli ikikuruhusu kwa bahati mbaya, MX yako inaweza kupotea. La tatu: MX kuelekezwa kwenye namba ya IP, au kwenye jina ambalo lenyewe ni CNAME. MX inataka jina lenye rekodi ya A.

Na SPF. Jina linaruhusiwa kuwa na rekodi MOJA ya v=spf1. Mkiongeza huduma ya pili ya kutuma barua, msiandike rekodi ya pili, chomekeni include nyingine kwenye ileile. Zikiwa mbili, mpokeaji huziona zote ni kosa. Vilevile haipaswi kusababisha maulizo ya DNS zaidi ya 10, na kila include inakula angalau moja. Tangu Februari 2024 Gmail inataka kila mtumaji awe na SPF au DKIM. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku anatakiwa kuwa na zote mbili pamoja na DMARC. Ninyi hamtafika huko, lakini wekeni zote tangu mwanzo, maana barua ya mkataba kuingia kwenye taka za mnunuzi ni hasara ya kweli. DMARC ianze na p=none (tazama tu, usizuie), msome ripoti wiki chache, kisha p=quarantine (barua zisizopita ziwekwe kwenye taka).

Ufunguo wa DKIM wa biti 2048 unazidi herufi 255, ambazo ndizo kikomo cha kipande kimoja ndani ya TXT. Paneli nzuri huugawa vipande yenyewe. Nyingine huukata mkia kimyakimya na sahihi zote zinakataliwa. Ukishabandika, ulize DNS na uhesabu kama mwisho wa ufunguo upo.

Kuuliza ni hivi, kwenye kompyuta yoyote ya Windows au Linux:

nslookup -type=mx mfano.co.ug 8.8.8.8

Badala ya mx weka ns, txt au a. Ile 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, ni muhimu, inaruka seva ya mtandao wa simu yako ambayo huenda bado inakumbuka jibu la zamani.

Hilo ndilo linatuleta kwenye saa 48. Si uongo, ila si la kila kitu. Kila rekodi ina TTL, yaani sekunde ambazo jibu linaruhusiwa kukumbukwa. Ikiwa 3600, mabadiliko yataenea ndani ya saa moja. Kabla ya kuhamisha kitu, siku moja mbele, ishusheni hadi 300, hamisheni, kisha mrudishe 3600. Kusubiri saa 48 kubadili rekodi ya A hakuna sababu.

fundi_seva

Niongeze hapo, nyuzi_jinja. Kushusha TTL kunasaidia rekodi zako za ndani. Seva za majina zenyewe ni habari nyingine: kwa .com, rejista inaziweka na TTL ya sekunde 172,800, ambazo ndizo saa 48 kamili, na wewe huwezi kuigusa. Kwa hiyo mkibadili seva za majina, zile za zamani ziachwe hai siku mbili nzima, zikiwa na rekodi sawasawa na za mpya. Anayezima za zamani saa ileile anaona tovuti inafunguka Kampala na haifunguki Mbale, kisha kesho yake kinyume.

Na kama DNSSEC (ulinzi unaotia sahihi majibu ya DNS) imewashwa, ondoeni kwanza kwa msajili rekodi ya DS, inayotaja ufunguo wa sahihi hizo, ngojeni siku moja au mbili, ndipo mhame. DS ya zamani ikibaki huku seva mpya zina funguo nyingine, jina linatoweka kwa kila anayetumia 8.8.8.8 au 1.1.1.1 ya Cloudflare, na kosa linaloonekana ni SERVFAIL. Hata barua zitakwama.

elgon_arabika

Tumechelewa kidogo, wakubwa. Kijana amesema leo kwamba .com alishaisajili juzi kwenye akaunti yake. Ana nia njema, yuko tayari kuiachia. Tuihamishe vipi? Na ikifika tarehe ya kulipa tena, tukichelewa inakuwaje?

dada_wa_majina

Nia njema ikiwepo, ni kazi ya robo saa, lakini msiombe kuihamishia kwa msajili mwingine. Jina la .com lina kizuizi cha siku 60 tangu kusajiliwa, haliendi kwa msajili mpya. Njia yenu ni ndani ya msajili yuleyule: chama kifungue akaunti hapohapo, bure, kijana alisukume jina kutoka akaunti yake kwenda yenu, kisha mbadilishe mwenye jina liwe la chama. Itakuja barua pepe ya kuthibitisha pande zote mbili, zijibuni zote. Wasajili wengi hufunga tena uhamisho siku 60 baada ya mabadiliko ya mwenye jina. Hilo halisumbui tovuti wala barua, linazuia kuhama tu.

Baadaye mkitaka kuhama kweli: mnafungua kufuli la uhamisho, mnaomba msimbo wa kuhamisha (msajili anatakiwa kuutoa ndani ya siku 5), mnaupeleka kwa msajili mpya na kulipa mwaka mmoja, ambao huongezwa juu ya muda uliobaki. Uhamisho huchukua hadi siku 5. Msiuanze jina likiwa limebakiza wiki moja.

Kuchelewa kulipa, kwa .com, kunakwenda hivi. Kwanza upo muda wa neema, hadi siku 45 kutegemea msajili, mnalipa bei ya kawaida ingawa tovuti na barua zinaweza kuwa zimezimwa tayari. Ukipita, siku 30 za kukomboa, na hapo ada inapanda sana. Kisha siku 5 za kufutwa ambazo hakuna mtu anayeweza kufanya lolote, halafu jina liko sokoni na mashine za kunyakua zinalingoja. Wapo wasajili wanaoliuza kwa mnada hata kabla ya hapo. Hesabu hii ni ya .com na wenzake. .ug haiko chini ya ratiba hiyo ya ICANN, kwa hiyo .co.ug ihesabuni kama isiyo na neema yoyote na mlipe mwezi mmoja kabla.

Lipieni miaka mitatu au minne sasa hivi, wakati hela ya msimu ipo. Tarehe ya kuisha iandikwe kwenye daftari la mweka hazina, si kwenye simu ya mtu.

Mtapata pia barua za kutisha: jina lenu linaisha, lipeni hapa, au kampuni ya Asia inataka kusajili jina lenu, jibuni haraka. Msibofye. Ingieni wenyewe kwenye akaunti ya msajili na kuangalia tarehe, au tafuteni jina kwenye lookup.icann.org. Msajili atakayeonekana hapo ndiye peke yake mnayemdai na anayewadai.

Kijana akishalisukuma, angalieni papo hapo mambo mawili: jina la chama limekaa sehemu ya mwenye jina, na barua pepe ya akaunti ni ile ya ofisi. Halafu badilini nenosiri, washeni kufuli, na mumlipe kijana wa watu hela yake ya mwaka aliyotanguliza.